Aliyechuna Olkiloriti Kuzunguka Shina

Shemeji yangu Kiilu alichuna mti wa watu kuzunguka shina lote, akawauzia gome wenye vibanda vya nyama, kisha akaambia soko zima kwamba aliyeua mti ni mimi.

Mti wenyewe ni olkiloriti, uko nyuma ya boma ya Koko, mama mzee wa Kimaasai nje kidogo ya Kitengela. Mimi ni Mkamba, lakini mume wangu alipofariki, Koko ndiye aliyenifundisha dawa. Gome hili huchemshwa na supu ya mifupa. Ukinywa, tumbo linatulia na miguu inapata nguvu. Nauza soko la Kajiado. Sharti la Koko ni moja: chuna upande mmoja tu, halafu paka kidonda matope. Ukizungusha shina, umeuchinja mti.

Majani yalipokauka, Koko alimtuma mwanawe Tajeu aniite. Nilimkuta Kiilu amefika kabla yangu, amekalia kigoda, anakunywa chai.

"Takwenya!" Koko alinisalimia.

"Iko," nikajibu. Akinifukuza, nitachuma dawa wapi? Miti mingine yote niliyoijua imefungiwa ndani ya ploti za watu.

"Ni huyu," Kiilu alisema bila aibu. "Alitaka gunia lijae haraka."

Koko aliinuka. Alinishika mkono akaniongoza hadi kwenye mti, Kiilu na Tajeu wakafuata.

"Inua mkono."

Niliinua. Mimi ni mfupi sana. Palipochunwa palikuwa juu ya vidole vyangu kwa mbali.

"Sasa ruka."

Niliruka. Tajeu akaanza kucheka. Niliruka tena, leso ikafunguka ikaanguka.

"Mama Nzilani," Koko aliuliza akijifuta machozi ya kicheko, "uliota mabawa lini?" Kisha akamgeukia Kiilu, ambaye huinama kila apitapo mlangoni. "Na wewe twiga, kuja hapa. Inua mkono."

Kiilu alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya Rombo. Aliondoka mbio, chai yake tukaimaliza sisi.

Koko amenionyesha olkiloriti mwingine, na ninachuma kama kawaida. Lakini sokoni bado wako wanaoniita muuaji wa miti. Kiilu ana deni kwa Koko, la mti. Kwangu ana deni la maneno: asimame mbele ya wateja wangu, aseme kwa kinywa chake kwamba alinisingizia.