Mgomba wa Barabara ya Zamani

Naungama mwenyewe kabla mjukuu wangu Koku hajawasimulia. Alinipakia pikipiki yake kutoka Kamuli kwenda Nyakahanga kwa barabara ya zamani, asubuhi ya ukungu, nikahisi tunaelea mawinguni. Tukampita ng'ombe wa saruji mwenye pembe za buluu, nikamcheka. Tukapita kikombe cha kahawa kikubwa kama jiko langu, nikakicheka pia.

Ukungu ukafunguka, nikauona mgomba mbele ya baa. Mkungu wake mnene kama ndama, unang'aa kwa umande! Roho iliniuma, maana Kamuli nzima inajua ndizi zangu hazina mpinzani. Kuomba mche ni kukubali nimeshindwa. Nikaamua kuiba.

"Simama, nikachimbe dawa."

"Bibi, tena?"

Nikanyata na kisu changu cha kumenyea ndizi. Kando ya shina palikuwa na mche mdogo. Nikaukamata, nikakata. Kisu kikalia ngaa, kikavunjika.

Mama mwenye baa akatokea, brashi mkononi.

"Shikamoo, bibi. Umeshika rangi mbichi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nachimba dawa tu," nikajibu, viganja vyote viwili vya kijani.