Diwani Kaondoka Bila Marahaba

Wanyaturu wenzangu, adabu itatuua! 🙈

Leo kwenye mkutano wa kijiji nilisimama kumwambia diwani ajiuzulu. Wasichana watatu wa kwenye mashine ya alizeti wanasema anawashikashika.

Wiki nzima nimebishana na bibi yangu. Yeye ni chama damu, chama hicho hicho cha diwani, hata khanga ya kulalia ni ya kampeni. "Hayo ni maneno ya wapinzani," ananiambia.

Basi nikasimama, nimefura kwa hasira. Diwani akanitazama.

Goti likajikunja lenyewe. "Shikamoo, mheshimiwa."

Watu mbavu hawana! 😭

Naye bila aibu: "Marahaba, binti. Mnaona? Huyu ana adabu, siyo wale waongo."

Hapo bibi akainuka. "Na mimi mbona hujaniamkia?"

"Shikamoo, bibi."

Tukasubiri marahaba. Wapi!

"Wajibu wale wasichana kwanza. Marahaba yako ninayo hapa."

Diwani akakumbuka ana kikao mjini. 🏃🏾

Njiani nikamuuliza bibi, vipi tena chama?

"Chama nilikipigia kura. Mikono ya diwani sikuipigia."