Maandishi Meupe

Kazini walimwita Pambo, kwa utani, maana kazi yake ilikuwa kuipamba tovuti ya hospitali: rangi, ukubwa wa herufi, mistari ya majedwali. Usidhani ni kazi ya mchezo! Kurasa zile programu ilizitunga papo hapo, kila mgonjwa alipofungua majibu yake ya vipimo, na kila ukurasa ulichota sura yake kwenye faili za mitindo. Faili zenyewe kumi na nne, za miaka tisa. Kila aliyepita pale kaongeza lake, kaondoka. Vurugu tupu.

Pambo alilelewa na mama yake mdogo, fundi cherehani asiyeweza kulala na uzi sakafuni. Vurugu angeivumilia wapi? Wiki nzima alipanga, akichungulia kila amri ya rangi au herufi kama kuna ukurasa unaoitumia, na isiyo na mwenyewe akaifuta. Zikabaki faili tatu. Tovuti ikawa inafunguka chapuchapu, mkuu wa kitengo akampa mkono.

Jumatatu iliyofuata mama mdogo alipimwa damu. Jioni akapiga simu.

"Majibu nimeyaona, mwanangu. Namba tu, hakuna neno baya. Nashona zangu."

"Afadhali, mama." Roho ikamtulia.

Alhamisi alianguka kwenye cherehani.

"Tulimwandikia arudi siku ile ile!" daktari alifoka wodini. "Kwani hamsomi?"

Pambo akafungua ukurasa kwenye simu. Kweli, namba tu. Akabonyeza kidole chini ya namba, akakiburuta, na pale palipokuwa peupe maneno yakajitokeza: RUDI HOSPITALI LEO. Lo! Onyo lile liliandikwa kwa weupe juu ya utepe mwekundu, na utepe programu iliuita pale tu damu ilipokuwa mbaya. Wiki ile ya kupanga hakukuwa na mgonjwa wa hivyo. Aliutafuta kwenye kurasa zilizokuwepo, hakuuona, akaufuta. Weupe wa maandishi, uliotumika kwingine pia, ulikaa faili nyingine, ukabaki: meupe juu ya peupe.

Alipiga simu kazini utepe urudishwe, kisha akaketi kando ya kitanda.

"Mama, neno la daktari lilikuwepo. Mimi ndiye niliyelificha."



"Nilimwonyesha jirani," mama mdogo akasema kwa shida. "Nikamwambia, ukurasa huu kaupanga mwanangu, tazama ulivyo safi."

Akageukia ukutani. Pambo hakuthubutu kumshika mkono.