Mwenye Alikuya Kuomba Chumvi

Infirmier mumoja wa hospitali alinielezea hii kitu na karatasi na bic: kichwa inaamuka, mwili inabakia mu usingizi, donc mutu anaona, anasikia, lakini hawezi kutikisa hata kidole. Akasema inaitwa paralysie du sommeil, na haiuaka mutu. Nikamuitikia, merci. Alichelewa myaka kumi na mbili.

Nilikuwa na myaka kumi na saba. Tulikuwa tunaikala Butembo, mama yangu na mimi, mu nyumba ya mbao ya byumba bibili. Nyuma, mu kajumba ka jikoni, tulimuweka mama mudogo, dada mudogo ya mama. Alikimbia Mutwanga kisha batu ya silaha kumuulia bwana yake mu shamba ya kakao. Alifika juu ya pick-up na sufuria moja tu. Hakukuwa na kitu, basi kila siku alikuwa anakuya kuomba: chumvi kidogo, kaa moja ya moto. Alikuwa anabisha na kuingia pale pale, hangojee kuitikiwa.

Ile mwaka njo hii kitu ilianza kunikamata. Hapana usiku, muchana kabisa, nikitoka masomo na kujilaza kidogo mbele ya kuenda kuteka mayi. Nafungua macho, naona manjanja, bati ya paa, nasikia redio ya jirani, na mutu ananikalia ku kifua, uzito ya gunia ya maharagwe. Nataka kuita, mudomo inakataa.

Nikaambia mama. Mama alikuwa mutu wa misa ya kila asubui, lakini kwa hii hakungojea padri. Akaniambia vile bazee ya kijiji yabo, Masereka, balikuwa banajua: mulozi, ni kusema muchawi, akishakukalia, yeye mwenyewe anakuya kisha kuomba chumvi ao moto. Mwenye kuingia wa kwanza, njo yeye. "Tutaangalia ni nani," akasema.

Ni nani angeingia kwetu? Kulikuwa mutu mumoja tu, na sisi wawili tulimujua. Mpaka leo hiyo inanikasirisha kuliko yote.

Kisha siku tatu ikanikamata tena. Mama alikuwa inje anachagua maharagwe. Nilikuwa nalia mu kichwa, bila sauti. Mulango ikafunguka, nikaona mama mudogo na kikombe ya plastiki ku mukono. Akaniangalia mu macho, akaelewa mara moja. Akaweka kikombe chini, akashika kidole kubwa ya muguu yangu, akaitikisa na nguvu mpaka ile uzito ikatoka na nikavuta pumuzi.

"Hata mimi inanikamataka, tangu balimuua," akaniambia. "Ikikuya, tafuta kidole ya muguu. Usipigane na kifua."

Kisha akaokota kikombe yake, akaomba chumvi.

Mama alikuwa alishafika ku mulango. Akaona kikombe, akaona vile napumua. Akaniuliza: "Njo yeye aliingia wa kwanza?"

Mutu asinitafutie sababu. Nilijua. Muguu yangu ilikuwa ingali na joto ya mukono yake. Lakini niliogopa: kama hapana yeye, basi ile kitu iko ndani yangu, na bangenipeleka mu chumba ya maombi, banifungie bila chakula kama vile balifanyia binti ya jirani.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."

Haikukuwa hata uongo. Aliingia wa kwanza.

Mama mudogo hakulia, hakuapa. Alisema tu kama kule Mutwanga hakubakia mutu wa kumupokea. Mama akamujibu arudi kwa benye balimufundisha bulozi. Asubui akapanda pikipiki, sufuria yake ku magoti. Haikupita mwezi tukasikia kama balishambulia tena mashamba ya kule, na bengine balizikwa bila mutu kujua majina yabo. Tuliuliza sana. Hakuna mwenye alimuona.

Ile kitu ilirudi hata wiki haiyaisha kisha yeye kuenda. Mama aliniona nalala macho wazi, nashindwa kupumua, akageuka, akaenda kuchagua maharagwe yake. Hatukuongea tena habari ya chumvi mpaka alipokufa.

Sasa niko peke yangu mu ile nyumba. Muchana, saa ile ile, inanikamata. Natafuta kidole ya muguu, natafuta, kidole hainisikie. Na majirani habaingiake kwangu. Balikataza batoto yabo kukuya kuomba moto hapa, juu banajua kwetu mwenye kuingia anaitwa mulozi. Bako na haki.

Lakini muchana sifungake mulango. Nalala naiangalia, nangojea mutu aingie na kikombe.