Mkono wa Kikombe

Mke wangu alipiga pasi mashuka ya watu asiowajua. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu nilipomkuta hadi mikono ilipokataa. Mashuka ya hospitali, meupe, yanakuja machafu, yanaondoka yamekunjwa. Aliniambia shuka lililopigwa pasi vizuri mgonjwa halihisi. Akilihisi, mpigaji kakosea.

Mimi nilikuwa utingo wa lori. Dereva anaendesha, utingo anafunga turubai, anaweka jiwe nyuma ya tairi, analala juu ya mzigo. Dereva wangu tulimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo hakuwahi kulijua.

Tulikuwa vijana, tumeoana juzi tu, na hatuonani.

Safari zangu zilikuwa ndefu. Zamu zake nazo zilibadilika kila mara. Nikiingia, katoka. Akiingia, nimeondoka. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda, meza, na dirisha lenye pazia alilolishona kwa shuka kuukuu la hospitali. Nikifika nakuta harufu yake, harufu ya wanga na mvuke. Mto una shimo la kichwa chake. Naweka changu hapo hapo, nalala. Mara nyingine namwota, naamka, namkuta kweli amekaa ukingoni mwa kitanda anavua viatu, na sijui ndoto imeishia wapi.

"Lala," ananiambia. "Mimi bado sijafika."

Hatukujua kusoma, yeye wala mimi. Herufi nilizipata ukubwani, na hadi leo zinanipiga chenga. Kwa hiyo tulizungumza kwa vikombe.

Tulikuwa navyo viwili vya bati, chake cha buluu, changu cheupe kilichobanduka mdomoni. Kikombe kikifunikwa: nimekula, usinibakizie. Kikiwa wazi: niwekee chochote. Mkono wa kikombe ukitazama kitanda: niko kazini, narudi leo. Mkono ukitazama mlango: nimesafiri. Kimoja kikikaa juu ya mwenzake, hilo silielezi, watoto wetu watasoma.

Hakuna aliyetufundisha. Ilianza kama mzaha, ikawa lugha. Jirani yetu wa chumba cha pili, mwanamke fundi cherehani, alikuwa akipita dirishani anachungulia mezani.

"Jamani, leo vinasemaje? Vimegombana?"

"Vimelala," mke wangu anamjibu. "Usiviamshe."

Kisha tajiri mwenye malori akafungua ghala kule mwisho wa njia yetu. Akanitaka nikae huko, nisimamie kupakia na kushusha. Safari basi. Na nyuma ya ghala kuna chumba cha kukaa mtu na mkewe. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha hadi kooni. Siku hiyo nikamkuta, jambo la nadra.

"Tunahama," nikasema.

"Akina nani?"

"Sisi."

Alikuwa anakunja nguo. Hata nguo zetu alizikunja kama mashuka, pembe kwa pembe. Hakuacha kukunja.

"Mume wangu, mimi si mzigo. Usije ukanifunga turubai ukaniondoa."

"Nani kakufunga? Nakwambia tukaishi pamoja. Huku hatuishi, tunapishana."

"Na kazi yangu?"

"Kule nako watu wanavaa nguo."

"Mimi sipigi pasi nguo. Napiga mashuka."

Kwangu ilikuwa kitu kimoja. Kwake ilikuwa mbingu na ardhi.

Nje Taratibu akabonyeza honi. Alipoibonyeza mara ya pili mtaa mzima ukatoa vichwa. Nikachukua fulana yangu.

"Basi fikiri. Nikirudi nikute jibu mezani."

"Vikombe havina neno la kuhama."

"Tulitunge."

Akavishika vyote viwili. Akavisogeza hadi mkono wa chake ukagusa mkono wa changu. "Hii ni ndiyo." Akavigeuza, vikapeana visogo. "Hii ni hapana."

"Na kama bado unafikiri?"

"Nikiwa nafikiri utaniona nimenuna. Nenda, mwenzako anaamsha wafu."

Nikakiweka changu, mkono mlangoni, nikaondoka.

Njia nzima niliona vikombe. Vimeshikana. Vimepeana visogo. Nikifumba macho vimeshikana, nikifumbua vimeachana. Kazi ya ghalani nisingeikataa. Lakini kwenda peke yangu ni kuendelea kulala kwenye shimo la kichwa cha mtu, na safari hii hata shimo lisiwepo.

"Utingo, leo huimbi," Taratibu akasema. "Umeachwa?"

"Bado."

"Bado! Basi imba kabla hujaachwa."

Tulishusha mzigo. Nikaenda kukiona chumba. Kilikuwa kidogo, kina vumbi. Nikakifagia, ingawa hakuna aliyeniagiza.

Kurudi tulibeba magunia ya pamba. Pamba ni kitanda cha tajiri. Nililala juu ya turubai, jua limelipasha moto, lori linanibembeleza. Barabara ilikuwa nyeupe kwa joto, miti inaelea kana kwamba haina mizizi. Basi likaja kutoka mbele, likapita karibu sana na upepo wake. Kwenye dirisha moja nikaona mkono umetoka nje mpaka begani, umeshika kitu cha buluu, unakipunga. Kilipita mbele ya macho yangu kama ndege. Nikasema moyoni, ndoto hizi sasa zimezidi. Nikageukia upande wa pili.

Tulifika alasiri. Nilifungua mlango nikiwa nimefumba macho. Nilipofumbua, mezani kuna kikombe kimoja. Cheupe. Changu, mkono mlangoni, vile vile nilivyokiacha.

Cha buluu hakipo.

Hilo neno hatukuwa nalo. Nikatazama chini ya meza. Nikatazama chini ya kitanda. Nikatazama ndani ya ndoo. Mtu mzima na ndevu zangu, natafuta kikombe kwenye ndoo ya maji.

Fundi cherehani akasimama mlangoni, sindano mdomoni.

"Shemeji, umepoteza nini?"

"Mwenzangu yuko wapi?"

"Alitoka na kapu, akashika njia ya stendi. Na viatu vile vya kutokea."

"Hakusema kitu?"

Akatoa sindano mdomoni. Alionekana hataki kusema. "Alisema amechoka kuishi na meza."

Nikakaa kitandani. Mto haukuwa na shimo. Aliupiga pasi kabla ya kuondoka, foronya imenyooka kama karatasi. Nikajua nimeachwa. Hasira haikuja, ningeifurahia. Kilichokuja ni ukimya, ukajaa chumbani kama maji yanavyojaa pipani, mpaka nikasimama ili nisizame.

Mwanamke akiondoka na kapu anakwenda wapi? Kwa mama yake. Nikapanda basi na nguo zile zile za safari.

Mama mkwe alikuwa anafagia uani. Mwanamke mfupi, sauti kubwa. Aliponiona aliinua uso, akatazama nyuma yangu, akatazama nyuma yangu tena.

"Karibu, baba. Mkeo yuko wapi?"

Hilo ndilo swali nililokuja nalo mimi.

"Mama, nami nilitaka kukuuliza hivyo hivyo."

Fagio likashuka. "Umempoteza mwanangu?"

"Kikombe hakipo."

"Kikombe gani tena?"

Nikamweleza. Mkono wa kitanda, mkono wa mlango, kufunika, kufunua. Nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe na kuyaona yalivyo ya kijinga mbele ya mtu mwingine. Aliponielewa alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Akakaa chini kwenye uwanja aliotoka kuufagia, akacheka hadi akashika mbavu.

"Watu wanaoa, wanazaa, wanaelewana kwa mdomo. Nyie mnasemeshana kwa vyombo!"

"Mama, ameniacha."

"Nisikilize. Huyo nimemzaa mimi. Akitaka kukuacha atakuachia kila kitu, hadi kijiko, usipate kisingizio cha kumfuata. Mtu aliyebeba kikombe kimoja anakwenda mahali atakakokunywa chai. Si zaidi ya hapo."

"Mahali gani?"

"Ningejua ningekuwa nakuchekea hapa? Rudi kwako. Na uoge, mkwe wangu, unanuka dizeli mpaka kuku wamehama."

Kweli, kuku walikuwa wamehama.

Nililala huko, nikarudi asubuhi. Nikiwa mbali niliona pazia letu limevutwa, na mvuke unatoka dirishani. Sikukimbia. Niliogopa nikikimbia nitaamka.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kimoja sakafuni. Chai iko mezani. Kikombe cha buluu kiko mezani.

"Umetoka wapi?" akauliza.

"Kwa mama yako."

"Mama yangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Na wewe umetoka wapi?"

"Kwako."

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Nilitaka kukiona hicho chumba kwa macho yangu kabla ya kujibu. Nikasema nitakukuta huko, nirudi na lori. Kikombe changu kimeondoka, maana yake mimi nimeondoka. Chako kinatazama mlango, maana yake wewe uko kule. Basi mimi nimekwenda kule. Kuna kigumu gani hapo?"

"Mbona ulimwambia fundi umechoka kuishi na meza?"

"Si nimechoka? Wewe hujachoka?"

"Kikombe ulikibebea nini?"

"Ningenywea chai nini njiani, kiganja?" Kisha akakumbuka, akanipiga begani. "Na nimekupungia! Nimetoa mkono wote nje, kondakta akanigombeza mbele za watu. Wewe uko juu ya magunia umelala, gunia mwenzao."

"Nilikuona. Nilidhani ndoto."

"Ndoto gani inashika kikombe?"

Hapo tukacheka. Fundi cherehani akagonga ukuta, akauliza kama vimepatana.

"Chumba chenyewe," akasema baadaye, "kina dirisha moja, na linatazama ukuta."

"Nilikifagia."

"Nimeona. Vumbi lote umelisukuma nyuma ya mlango." Akavua kiatu cha pili. "Lakini hospitali ipo. Nilikwenda hadi kwenye chumba chao cha kufulia, nikashika shuka. Limekunjamana kama uso wa mtoto anayelia. Mkubwa wao, mama mmoja mnene, akaniambia mikono imewapungukia. Akanipa pasi. Nikapiga moja, nikapiga la pili. Akaniuliza nitaanza lini."

"Ukamwambiaje?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alikunywa chai yake yote, akakung'uta kikombe, akakiweka mezani. Akaanza kukigeuza. Polepole sana, kama anavyogeuza shuka upande wa pili. Mkono wa buluu ukazunguka, ukapita dirisha, ukapita kitanda, ukasogea, ukagusa mkono wa changu. Bati likalia kidogo.

Nimesikia honi nyingi katika maisha yangu, na injini nyingi. Sauti ninayoisikia hadi leo ni ile.

Siku hiyo tukaongeza neno, lisitutese tena: kikombe kikikosekana mezani, maana yake nimekufuata.

Tukahama. Ukuta ule unaotazamana na dirisha tuliupaka chokaa, jua likipiga linaruka na kuingia ndani. Watoto walijifunza vikombe kabla ya herufi. Mimi nilikuwa nyumbani kila jioni, na yeye bado aliviweka, mkono huku, mkono kule. Nikimwambia, mama, si nipo hapa, ananijibu, nimeshazoea kukuandikia.

Mwaka huu mvua zilipoanza alilazwa katika hospitali ile ile. Mikono yake ilikuwa imekwisha. Alilipapasa shuka kwa kiganja.

"Hili halikupigwa pasi na mtu," akasema.

"Unalihisi?"

"Nalihisi."

Nikalinyoosha chini yake, kwa kiganja changu, pembe hadi pembe, mpaka akasinzia. Hakuamka.

Sasa nalala mchana na kuamka mchana, sijui kipi ni kipi. Wakati mwingine namwona ukingoni mwa kitanda, anavua viatu. Naweka kichwa kwenye mto upande wake. Namwambia, lala. Yeye ananiambia bado hajafika.

Binti yetu alitaka kukiweka kikombe cha buluu kabatini, kisivunjike. Nikamwambia bati halivunjiki, kiache. Kiko mezani, mkono wake unatazama mlango. Changu kiko pembeni yake, wazi. Kila asubuhi nakitumia, nakiosha, nakirudisha.

Wanangu, siku mkiingia mkakuta changu hakipo, msihangaike chini ya kitanda wala kwenye ndoo. Na kwa mama mkwe msinitafute.