Ndege ya Mvule Mbichi

Namshukuru Mola aliyetupa mikono, na anayeujua mwisho wa kila kazi kabla hatujaianza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Msomaji wangu, juzi nilipita Tanga mjini, nikaona ndege ndogo ya plastiki dirishani kwa mkata tiketi. Nilisimama pale mpaka mjukuu wangu akanivuta mkono.

Miaka ya hamsini, kwetu Pangani, baba alikuwa fundi seremala. Mwenye duka la tiketi za safari huko Tanga alimletea picha ya ndege mpya ya jeti, amchongee mfano wake wa kuweka dirishani. Baba aliichonga kwa mvule uliokauka. Mimi nikaisugua kwa majani ya msasa, kisha kwa mafuta ya nazi, nyumba nzima ikanukia. Jirani akaja kuchungulia.

"Fundi, umesahau mapanga ya kuzunguka mbele."

"Hii haina mapanga."

"Basi inakwenda kwa dua?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa amelala ukumbini, homa haimtoki tangu Ramadhani. Alipoona ndege inafungwa kwenye gunia, akasema, "Baba, nami nataka yangu."

"Nitakuchongea, mwanangu. Ila mti uliobaki ni mbichi, utapasuka."

Ndivyo alivyofanya kazi. Hakugusa mti mbichi, hata bwana harusi awe anangoja kitanda. Akakiweka kile kipande cha mti uliobaki juu ya boriti kikauke. Kila asubuhi mdogo wangu aliuliza, "Bado?" Baba alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Bado kidogo."

Tulimzika mdogo wangu kabla ya mvua za masika. Kipande kilikauka baadaye, na baba akakichonga: mbawa, mkia, madirisha madogo. Kazi ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Alipomaliza aliipakata ndege, akamwambia mama, "Afadhali ningemchongea ule ule mbichi. Ingepasuka, lakini angeichezea siku mbili tatu."

"Ungejuaje, baba watoto," mama akasema.

Leo karakana ile ni kiwanja kitupu, na majani ya msasa sijui kama yupo anayeyachuma. Wazazi wangu waliipokea amri ya Mungu, nami nimeipokea, ingawa sauti ile ya "Bado?" naisikia mpaka leo.

Wewe unayesoma, Mola akujaalie kutoa kilicho mkononi mwako wakati anayekiomba angali yupo. Amin.