Mzee wa Kwenye Kaseti

Nilikuwa kidato cha pili nilipobadilishana sweta langu zito na kaseti moja pale mnadani Makambako. Kwa baridi ya Njombe, mama aliona nimerogwa. Ilikuwa albamu ya Wazungu, vinanda vya umeme na ngoma za mashine, nayo haikuwa na jalada, ila jina la albamu tu juu ya kaseti yenyewe, kwa hiyo hatukujua sura ya anayeimba.

Nyumbani Mjimwema, pale pale Njombe, tuliisikiliza kwenye redio yetu ya kaseti, na wote tuliipenda. Aliimba mzee mwenye sauti nzito, polepole, kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi. Mama hajui Kiingereza, lakini alituambia yule mzee amefiwa na mke. Akichambua maharage alikuwa anamwitikia, "Pole, baba, pole." Mimi niliiga sauti ile, na ndiyo niliyomwimbia mke wangu nilipokuwa namchumbia.

Mwaka huu binti yangu, ninayeishi naye Makambako, aliitafuta albamu hiyo kwenye simu. Alipobonyeza, muziki ukatoka mbio kama cherehani, na msichana anaimba kwa furaha.

"Siyo hii," nikasema.

"Baba, jina ndilo, na nyimbo ndizo."

"Huyu ni mwanamke!"

"Ni mwanamke, ndiyo."

Sikukubali. Jumamosi tukaenda wote Njombe kwa mama. Kaseti ilikuwa sandukuni chini ya vitenge, redio ikiwa juu ya kabati. Nikanunua betri mpya, nikapachika, nikabonyeza. Msichana yule yule.

Hapo ndipo nilipoelewa. Redio ile haikuwahi kupata betri mpya zote kwa mpigo. Tulizianika juani, siku ambazo jua lilionekana, na zikigoma tulizing'ata. Mkanda ulikuwa unajikokota tu, na sauti ya msichana ikawa nzito kama ya mzee.

Nikampigia mke wangu simu kumweleza.

"Mimi nilikuvumilia," akasema. "Nilidhani una mafua."

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Nani huyo anapiga kelele?"

"Ndiye yule mzee wako, mama."

Nilipomweleza habari za betri, akavuta kigoda, akakaa, akasikiliza wimbo mzima. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Wewe uliyesoma, anasema nini?"

"Anasema anapenda kucheza dansi, bibi."

"Na mke wake aliyekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi."

Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. "Nimemwombea huyu mtu miaka yote hiyo. Hata mchungaji nilimpelekea ombi, akamtaja kanisani, watu wakainamisha vichwa."

Binti yangu alikimbilia nje kucheka huko. Mimi nilibaki nimeuma midomo, maana mama hakuwa anatania. Alijifuta unga kwenye kanga, akasogeza kigoda karibu na redio.

"Hebu geuza upande wa pili," akasema. "Labda huko amefiwa."